Namba ya hewa ya dunia hupatikanaje?

Weka kipimo kizuri cha hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, juu ya paa la jengo lolote katikati ya Nairobi, ukiache usiku kucha. Saa kumi na mbili asubuhi kitasoma juu sana. Si ajabu kikapita sehemu 450 kwa milioni. Usiku hewa baridi hulala chini kama maji ndani ya beseni, na humo humo hubaki moshi wa matatu za alfajiri, majiko ya makaa na jenereta, pamoja na pumzi ya udongo na miti, ambayo gizani hutoa hewa ukaa badala ya kuila. Ikifika saa nane mchana ardhi imeshapata moto, hewa imepanda na kuchanganyika hadi kilomita moja na zaidi juu, na kipimo kile kile kimeshuka karibu na ile namba inayosomwa kwenye taarifa ya habari.

Namba hiyo, kwa mwaka 2024, ilikuwa 423.9. Ndiyo wastani wa dunia uliotangazwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO: katika kila molekuli milioni moja za hewa kavu, 423.9 ni za hewa ukaa. Methani ilikuwa sehemu 1,942 kwa bilioni, na nitrasi oksaidi 338 kwa bilioni. Kabla ya enzi ya viwanda hewa ukaa ilikuwa kama 278 tu.

Kipimo cha paani hakikudanganya, si asubuhi wala mchana. Asubuhi kilikuwa kinapima Nairobi. Mchana kilikaribia kupima dunia. Kazi nzima ya kufuatilia gesi joto kimataifa, yaani hewa ukaa, methani na nyingine zinazoshikilia joto la dunia, ni kutenganisha majibu hayo mawili, kisha kuhakikisha kwamba 423.9 ya kituo kimoja ni 423.9 ile ile ya kituo kingine upande wa pili wa dunia.

Kabla hatujaenda mbali, tuondoe mkanganyiko mmoja. Vile visanduku vidogo vinavyofungwa siku hizi kwenye kuta za majengo mjini, vingi hupima vumbi laini na masizi, vitu vinavyoingia mapafuni. Havihusiki na hesabu hii. Jina "gesi chafu" tulilozoea kuziita gesi joto ndilo linalotupoteza. Hewa ukaa haina rangi wala harufu, na gari lisilotoa moshi hata kidogo bado hutoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa kwa kila lita ya petroli linayochoma. Safi kwa macho si safi kwa hesabu hii.

Mlima nao hupumua

Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kupima hewa ukaa Mauna Loa, Hawaii, Machi 1958, alichagua mahali penye mita 3,397 juu ya bahari, katikati ya Pasifiki, mbali na mji na msitu. Masomo ya kwanza yalikuwa kama 313. Mfululizo huo ndio mrefu kuliko yote ya aina yake, na hata wenyewe umewahi kuponea chupuchupu: Novemba 2022 volkano ililipuka, lava ikakata barabara na umeme, ikabidi upimaji uhamishiwe kwa muda Mauna Kea, mlima wa jirani.

Sisi tuna mlima wetu. Chini ya mpango wa WMO wa kuangalia angahewa ya dunia, ulioanzishwa 1989, kituo cha Mlima Kenya kilifunguliwa 1999, mita 3,678 juu, karibu kabisa na ikweta. Kinasimamiwa na Idara ya Hali ya Hewa, ile yenye makao makuu Dagoretti Corner. Kwenye ramani ya vituo vya aina hii hicho ni kitone cha thamani, kwa sababu ukanda wa tropiki barani Afrika una vitone vichache mno.

Ila kuwa juu mlimani hakutoshi. Jua likipiga miteremko, hewa hupashwa moto na kupanda. Upepo huo wa mchana hubeba hadi kituoni hewa ya mashamba na misitu ya chini: mimea inayokula hewa ukaa mchana, moto wa mabua, ng'ombe. Usiku mambo hugeuka. Mteremko hupoa, hewa huteremka, na kituo huoga katika hewa ya juu, ile iliyosafiri mbali na kuchanganyika. Kwa hiyo anayetaka namba ya ukanda mzima huchukua masomo ya usiku na kuyaweka kando yale ya mchana. Hayafuti. Ya mchana yana habari zake, ila ni habari za Laikipia na Meru.

Halafu kuna pepo ambazo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Kaskazi ikivuma, Mlima Kenya hupata hewa ya upande wa Uarabuni na Bara Hindi, yaani ya nusu ya kaskazini ya dunia, yenye viwanda vingi na yenye mimea iliyolala kwa baridi. Kusi ikiingia, hewa hutoka Bahari ya Hindi ya kusini, iliyo safi zaidi. Namba ya kituo hupanda na kushuka kwa sababu hiyo peke yake, bila mtu yeyote Kenya kuwasha wala kuzima moto. Ukilinganisha Januari na Julai za mwaka mmoja, unalinganisha pepo mbili. Linganisha Januari na Januari.

Lumbesa

Mkulima wa viazi wa Nyandarua anaijua shida ya vipimo kuliko wengi. Gunia la lumbesa limeongezewa kichwa juu, likashonwa kwa kamba, likaitwa bado gunia moja. Bei "kwa gunia" haina maana mpaka watu wakubaliane gunia ni kiasi gani. Hewa ina lumbesa yake.

Mashine ya kupima gesi haijui hewa ukaa ni kiasi gani. Inajua tu kwamba mwanga umemezwa zaidi au kidogo. Ili itoe namba, lazima ionjeshwe hewa ambayo kiasi chake kinajulikana tayari, na hewa hiyo hukaa ndani ya mtungi wa alumini. Thamani ya mtungi wa kituo ilitoka kwa mtungi mwingine, na huo kwa mwingine, hadi kwenye kundi dogo la mitungi mama iliyoko Boulder, Colorado, katika maabara ya NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayotunza mizani ya hewa ukaa kwa niaba ya WMO.

Mitungi mama hupimwa bila kulinganishwa na mtungi mwingine wowote. Hewa huingizwa katika chombo chenye ujazo unaojulikana, na joto lake na presha yake vikasomwa. Kisha hupitishwa kwenye mtego uliozamishwa katika naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hewa ukaa huganda, nyingine karibu zote hupita. Mvuke wa maji ulioponyoka huondolewa, hewa ukaa huyeyushwa ndani ya chombo kidogo zaidi, na presha, joto na ujazo husomwa tena. Gawanya kiasi cha pili kwa cha kwanza. Hakuna rangi wala mwanga katika hesabu hiyo, ni presha, joto na ujazo tu, na ndiyo maana inaaminika.

Vituo vinatakiwa vikubaliane ndani ya 0.1 kwa milioni kaskazini mwa dunia, na 0.05 kusini ambako tofauti kati ya mahali na mahali ni ndogo. Kwa methani ni 2 kwa bilioni. Inaonekana ni ukali wa bure mpaka uangalie wanachokitafuta. Kati ya 2023 na 2024 hewa ukaa iliongezeka 3.5, ongezeko kubwa kuliko yote tangu upimaji wa kisasa uanze. Hiyo ni dunia nzima kwa mwaka mzima. Alama ya nchi moja, au ya msitu mmoja ulioacha kula hewa ukaa kwa sababu ya ukame, hupatikana katika vipande vya moja. Kituo kikikosea kwa 0.5 mfululizo, kokotoo la kompyuta linalotafuta gesi imetoka wapi litazua msitu usiokuwepo, au litaufuta uliopo.

Hata mizani yenyewe husahihishwa. Ile inayotumika sasa inaitwa X2019, na ilichukua nafasi ya X2007. Hewa ile ile iliyosomeka 400 kwa mizani ya zamani husoma kama 400.18 kwa mpya. Mtu akiunganisha data za miaka ya nyuma na za karibuni bila kuangalia jina la mizani, atapata mruko ambao haukutokea hewani. Ukipakua data zozote, hilo ndilo neno la kwanza la kutafuta.

Mtungi huharibika vipi

Mtungi mpya huja na presha ya zaidi ya bar 130. Kadiri unavyoisha, molekuli za hewa ukaa zilizokuwa zimeshikamana na kuta za ndani huanza kubanduka na kuingia kwenye gesi iliyobaki, kwa hiyo kiasi hupanda polepole. Ushauri wa kawaida ni kuustaafisha mtungi ukifika karibu bar 20, hata kama roho inauma kuona gesi inabaki. Tuseme kibandiko kinasema 410.0 lakini ndani sasa ni 410.3. Mashine inaambiwa "hii ni 410.0", inajirekebisha, na kuanzia hapo hewa yote ya mlimani inasomeka pungufu kwa 0.3. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Ndiyo sababu kituo makini huwa na mtungi mmoja wa ziada ambao hautumiki kurekebisha mashine kamwe. Kazi yake ni kuwa shahidi: husomwa mara kwa mara, na somo lake likianza kuhama, kuna mtu anadanganya, ama mashine ama mtungi mwingine.

Regulata, kile kifaa cha kupunguza presha mdomoni mwa mtungi, nayo ina ujanja wake. Gesi iliyokaa ndani yake kwa siku kadhaa si sawa na ya mtungini, kwa hiyo ya mwanzo humwagwa kwa dakika chache kabla somo halijahesabiwa. Kiungo kilicholegea ni kibaya zaidi kikiwa upande wa pampu unaovuta, maana pale hakitoi povu la sabuni. Kinafyonza hewa ya chumba, na chumbani kuna mtu anayepumua.

Adui mkubwa lakini ni maji. Namba za kimataifa zote ni za hewa kavu. Hewa ya Mombasa siku ya joto inaweza kuwa na mvuke karibu asilimia 3. Mvuke huo umechukua nafasi ya gesi nyingine, kwa hiyo hewa iliyo na 423.9 ikiwa kavu itasoma kama 411 ikiwa na unyevu huo. Tofauti ya 13, bila mtu kukosea kitu. Mashine za kisasa hupima mvuke kwa wakati mmoja na kusahihisha, lakini urekebishaji huo hujaribiwa kwa kila mashine peke yake; na wengi hukausha hewa kwanza, wasije wakaitegemea hesabu tupu.

Mashine zenyewe siku hizi ni za leza. Ndani ya kijumba chenye urefu wa kama sentimita 25 mwanga hupigwa kati ya vioo vyenye kung'aa mno, ukienda na kurudi hadi njia yake ikafika kilomita 15 au 20. Leza huzimwa, na kinachopimwa ni muda ambao mwanga unachukua kufifia. Gesi ikiwa nyingi, hufifia upesi. Joto na presha ndani ya kijumba hushikiliwa bila kubadilika, na umeme ukikatika, hata kwa dakika, mashine inahitaji muda mrefu kutulia tena. Kwa kituo cha mlimani, betri na kinga ya radi ni sehemu ya kipimo.

Chupa, upepo na saa

Mahali pasipoweza kuwekwa mashine, hupelekwa chupa. NOAA hutumia chupa za kioo za lita 2.5, zinazojazwa mbili mbili, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Kati ya 2003 na 2011 Mlima Kenya nao ulikuwa kwenye orodha hiyo.

Anayejaza hufika, huzima gari, hutembea kuelekea upepo unakotoka. Husimamisha mlingoti wa kuvutia hewa, kisha pampu husukuma hewa ndani ya chupa zote mbili kwa dakika kadhaa ili kufukuza ya zamani. Wakati huo yeye hukaa upande upepo unakokwenda. Mwishoni njia ya kutokea hufungwa, presha hupanda kidogo kuliko ya nje, na vali za chupa hufungwa. Pumzi ya binadamu ina hewa ukaa kama asilimia 4, yaani sehemu 40,000 kwa milioni. Sehemu moja ya pumzi katika sehemu laki moja za hewa inaongeza 0.4, na tayari umepita kiwango kinachoruhusiwa mara nne. Chupa ni mbili kwa sababu hiyo. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0.5 maabarani, jozi hutiwa alama na haitumiki.

Kisha huandikwa saa, na hapa Kiswahili kina mtego wake. Saa tatu asubuhi ni 9:00 kwenye simu, na ni 06:00 kwa saa ya kimataifa ambayo fomu inaitaka. Asubuhi moja, namba tatu. Mtu akiandika 3 au 9 mahali pa 6, sampuli ya asubuhi inahamia alfajiri au adhuhuri, na tumeshaona mlimani tofauti ya usiku na mchana ni nini. Maabara haiwezi kuligundua kosa hilo kwa kuangalia chupa.

Chupa zina faida ambayo mashine ya mlimani haina: zinapimwa gesi nyingi, na aina za kaboni iliyomo. Kaboni 14 hupungua kwa nusu kila miaka 5,730, hivyo makaa ya mawe na mafuta, kwa ukongwe wake, hayanayo tena. Hewa inayopungukiwa nayo imepokea moshi wa visukuku. Methani nayo huacha nyayo. Inayotengenezwa na vijidudu, matumboni mwa ng'ombe, kwenye vinamasi au katikati ya dampo kusikofika oksijeni, ina kaboni 13 kidogo kuliko ya visima vya gesi. Tangu 2007 methani ilipoanza kupanda tena, kaboni 13 yake imekuwa ikishuka, na ndiyo maana macho yamegeukia vinamasi vya tropiki, mifugo na taka. Kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini, ni kimoja cha vinavyotajwa sana.

Setilaiti inaona nini

Watu hudhani setilaiti zimemaliza kazi. GOSAT ya Japani ilirushwa 2009, OCO-2 ya Marekani 2014, na TROPOMI ya Ulaya, iliyoko kwenye Sentinel-5P, 2017. TROPOMI hufagia ukanda wa kilomita 2,600 na huipita karibu dunia yote kila siku. Lakini setilaiti hizi hazipimi hewa ya mahali. Hupima mwanga wa jua uliorudi kutoka ardhini baada ya kupita angahewa yote, kwa hiyo namba yake ni wastani wa nguzo nzima ya hewa. Usiku hazioni. Mawingu yakitanda haziuoni mji, na kila aliyewahi kukaa Nairobi mwezi Julai anajua maana yake.

Zinapong'ara ni kwenye uvujaji mkubwa wa methani. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Gigiri, ina chombo chake cha kufuatilia methani, na mfumo wa tahadhari uitwao MARS uliotangazwa 2022: setilaiti ya macho mapana huona wingu la gesi, ile ya macho makali hulifuata hadi kwenye bomba lenyewe, kisha serikali na mwenye mtambo hujulishwa. Setilaiti nazo huharibika. MethaneSAT, iliyorushwa Machi 2024, ilipoteza mawasiliano Juni 2025, na haikurudi.

Ng'ombe sasa. Mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, unakadiria ng'ombe wa maziwa wa Afrika hutoa kilo 46 za methani kwa mwaka, na ng'ombe wengine kilo 31. Ng'ombe elfu moja wa maziwa basi ni kilo 5 na kidogo kwa saa, tena wametawanyika. Setilaiti yenye macho makali kabisa inahitaji kilo mia hivi au zaidi kwa saa kutoka sehemu moja. Hakuna setilaiti itakayoona zizi la namna hiyo.

Kutoka hewani kurudi ardhini

Nchi huripoti gesi zake kwa kuzidisha: idadi ya ng'ombe mara kilo kwa ng'ombe, lita za dizeli mara kilo kwa lita. Kwa dizeli hesabu hiyo ni imara. Kwa mifugo na samadi ni makisio, na ndiyo maana watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, pale Uthiru, katika kituo chao cha Mazingira, huwafungia ng'ombe ndani ya vyumba maalumu na kupima gesi inayotoka, chakula kikiwa kile cha huku, si cha Ulaya.

Hewa hutoa njia ya pili ya kukagua. Chukua masomo ya vituo, chukua pepo za kila saa, kisha kokotoo linaulizwa: ni utoaji gani ardhini ungeleta namba hizi? Huanza na makisio ya awali, mara nyingi yale yale ya kuzidisha, halafu huyasogeza mpaka yakubaliane na vipimo. Ndicho kiini cha mpango wa WMO wa kufuatilia gesi joto duniani ulioidhinishwa 2023, unaotaka vituo, setilaiti na makokotoo vitoe ramani moja kwa ratiba.

Sehemu moja kwa milioni ya hewa ukaa ni sawa na tani bilioni 7.8, kwa hiyo jumla ya dunia haina ubishi. Karibu nusu ya tunachotoa hubaki hewani, kingine huenda baharini, kwenye mimea na udongo. Ubishi uko kwenye mgawanyo. Juu ya Ulaya, vituo vingi vinalilazimisha kokotoo liache makisio yake na kufuata hewa. Juu ya Afrika Mashariki, siku ambayo mawingu yametanda na kituo cha mlimani hakina umeme, hakuna cha kulisogeza. Linabaki palepale lilipoanzia, na kwa ng'ombe wa Kajiado, mara nyingi pale lilipoanzia ni zile kilo 31.